Kutembea nuruni maana yake nini?

Ukikaa na walokole wa zamani, Wakristo wa Uamsho wa Afrika Mashariki, wa Kagera kule Tanzania, wa Kabete kule Kenya au wa Kigezi kule Uganda, hukawii kusikia mtu akimwuliza mwenzake, "Ndugu, unatembea nuruni?" Mgeni hudhani ni salamu ya kidini kama "Bwana asifiwe". Kumbe ni swali hasa, na anayeulizwa hutakiwa kulijibu.

Maneno yenyewe yametoka 1 Yohana 1:7: "tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi". Wengi tukisoma hapo tunafikiria maisha masafi, yasiyo na doa. Walokole waliusoma mstari huu kwa namna ya mtu anayeijua nyumba yenye giza: penye nuru kitu huonekana. Basi anayetembea nuruni si asiyekosa. Ni yule ambaye akikosa hafichi, si kwa Mungu wala kwa ndugu aliyemkosea. Kinyume cha kutembea nuruni ni kujificha.

Hapa ndipo imani inapokutana na hofu. Mara ya kwanza Biblia inapomtaja mtu anayeogopa, haogopi simba wala adui. Adamu anasema, "nikaogopa kwa kuwa mimi ni uchi, nikajificha." Anaogopa kuonekana alivyo. Hofu hiyo tunaijua sote. Karani aliyegusa fedha za ofisi hushtuka akisikia neno ukaguzi. Mume mwenye siri huilaza simu kifudifudi mezani. Mimi mwenyewe kwa miezi mingi nilikuwa nazunguka nyuma ya soko, njia ya matope, nisipite mbele ya duka la mzee mmoja niliyekopa kwake unga na mafuta. Nilikuwa nasali kila asubuhi na bado nazunguka. Siku niliyomwendea sikuwa hata na fedha za kumaliza deni, nilikuwa na nusu tu na maneno ya kuomba radhi. Alifungua daftari, akaandika nilichotoa, akanipimia chumvi niliyoomba. Kilichobaki nililipa kidogo kidogo, nikipita mlangoni pake.

Mwendo huo una historia. Katika miaka ya 1930, Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Daktari wake, Joe Church, Mwingereza, alikuwa amekutana Kampala mwaka 1929 na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha wainjilisti hapo Gahini, akafariki Januari 1936 angali kijana. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookoka, na kutoka hapo Kiswahili kikapata neno mlokole. Leo wengine hulitamka kwa dharau, jambo linaloniuma, kwa sababu walioitwa hivyo kwanza walijulikana kwa kurudisha vitu vya wizi na kulipa madeni ya zamani. Wao waliita hivyo kutengeneza. Wamisionari nao walitubu kiburi chao mbele ya Waafrika, na hilo katika enzi ya ukoloni halikuwa jambo dogo.

Nuru hii huharibika ikigeuzwa fimbo. Kumlazimisha mtu aanike aibu yake kanisani, au kutoboa siri ya mwingine kwa kisingizio cha ushuhuda, siko kutembea nuruni. Tena kuna mahali mtu anaweza kutubu wizi na uzinzi huku chuki ya kabila ikibaki gizani bila kuguswa. Katika Rwanda hiyohiyo, mwaka 1994, wabatizwa waliwaua wabatizwa wenzao.

Kwa hiyo namkumbuka sana Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Februari 1977, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Janani Luwum, mlokole tangu 1948, aliuawa baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Rais Idi Amin kulalamikia mauaji. Serikali ilidai ni ajali ya gari. Kivengere akatakiwa akimbie, akakimbia, akivuka milima kwa miguu hadi Rwanda pamoja na mkewe. Sioni upungufu wa imani hapo: kuokoka hakumfanyi mtu asijue hatari. Lakini akiwa uhamishoni aligundua kwamba moyo wake umejaa chuki kwa Amin, chuki ambayo hakuna ambaye angemlaumu nayo. Angeweza kuificha chini ya machozi ya msiba. Yeye aliitubu, akaitaja hadharani kuwa dhambi yake, akasema kwamba amemsamehe Amin.