Je, wajua? Kwa nini 720,720 inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 mpaka 16

Tuseme wavuvi wa dagaa wamerudi asubuhi pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, wameuza mzigo, wakatoa hela ya mafuta na fungu la mwenye boti, mkononi imebaki sh. 720,720 ya kugawana. Wakiwa 7 kila mtu anaondoka na 102,960, wakiwa 11 ni 65,520, wakiwa 13 ni 55,440, na hata wakiwa 16 ni 45,045 kamili, haibaki hata shilingi moja ya kununiana. Wengi watasema bahati tu, ila hapo hakuna bahati kabisa.

Iko hivi. Ukitaka namba inayogawanyika kwa zote 1 mpaka 16 huna haja ya kuzizidisha zote, utapata linamba la kutisha bure. Ni ileile KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) ya shule ya msingi, unachukua vigawo tasa vinavyohitajika tu, yaani vile visivyogawanyika ila kwa 1 na kwa vyenyewe. Kwa ajili ya 16 unahitaji 2 nne (2×2×2×2), na ukishakuwa nazo basi 2, 4 na 8 zimo humohumo. Kwa ajili ya 9 unahitaji 3 mbili (3×3). Halafu 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa, kila moja lazima iingie yenyewe. Zilizobaki hazidai kitu kipya, 12 ni 4×3, 14 ni 2×7, 15 ni 3×5, vyote tayari vimo.

Sasa zidisha. 16×9×5 ni 720, na 7×11×13 ni 1,001, na 1,001 mara 720 ni 720,000 ujumlishe 720 nyingine, ndo maana 720 imejirudia! Mimi hapa ndo napapenda zaidi, kwa sababu inafanya kazi kwa namba yoyote ya tarakimu tatu ukiiandika mara mbili. Chukua simu uandike 458458, gawanya kwa 7 unapata 65494, gawanya tena kwa 11 unapata 5954, gawanya kwa 13 imerudi 458 yako.

Tukirudi kwa 720,720, ina vigawo 240, na hakuna namba ndogo kuliko yenyewe yenye vigawo vingi hivyo. Namba za aina hii ndizo Ramanujan, yule Mhindi bingwa wa hesabu, alizichambua mwaka 1915. Lakini jirani yake 720,721 haigawanyiki kwa yoyote kuanzia 2 mpaka 16, kila ukijaribu inabaki 1.

Na akija mvuvi wa 17? Inabaki shilingi 5, maana 17 ni tasa na haimo mle ndani. Inabidi uzidishe kwa 17, inakuwa 12,252,240, na hapo 18 unaipata bure kwa sababu ni 2×9, ila ukifika 19 inagoma tena.