Je, wajua kwa nini kijiji kikiondoa uwanja wa gari maduka hayafi?

Swali hili nilishawahi kulijibu, tena kwa sauti kubwa, na nikalijibu kombo. Ilikuwa Pemba, kwenye barza ya duka la mjomba wangu, jioni moja watu walipokuwa wakiuzungumzia uwanja wa katikati ya kijiji. Ni kipande cha kifusi baina ya msikiti, maduka matatu na mwembe mmoja mkubwa, na tangu nipate akili kinalaza gari. Kijana mmoja akasema gari zitolewe, pajengwe mabarza, pawe na miti zaidi, watoto wapate pa kuchezea na wazee pa kuchezea bao. Mimi, mgeni kutoka mjini, nikadakia: "Mukitoa gari hapa, haya maduka yatafungwa kabla ya mfungo." Mjomba akatikisa kichwa kuniunga mkono, nami nikajiona nimesema la maana.

Hoja yangu ilikuwa nyepesi, na ndiyo maana ilikaa vizuri mdomoni. Mwenye gari ndiye mwenye pesa. Mwenye pesa akikosa pa kuegesha hapiti dukani. Asipopita dukani, duka linakufa. Kila hatua inaonekana kweli mpaka uende ukaitazame.

Kesho yake, kwa ubishi tu, nilikaa pale pale tangu alasiri mpaka magharibi nikihesabu wanunuzi. Waliokuja kwa gari na wakanunua kitu walinitosha kwa vidole vya mikono miwili. Waliokuja kwa miguu, kwa baskeli, kwa pikipiki na waliotelemka kwenye gari za abiria niliwahesabu mpaka nikapotea, nikaanza upya, nikapotea tena. Mtoto aliyetumwa chumvi alikuja mara tatu: chumvi, kisha kiberiti, kisha kurudisha kiberiti kwa sababu kimelowa.

Halafu nikafanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo. Niliuliza gari zilizokuwa pale ni za nani. Moja ya mjomba mwenyewe. Moja ya mwenye duka la pili. Mbili za walimu, ambao walikuwa skuli. Suzuki Carry moja ilikuwa juu ya matofali, haina magurudumu, na kuku wa mtu ameatamia chini ya injini. Nyengine hazikupata mwenyewe mpaka giza linaingia. Uwanja uliokuwa ukitetewa kwa jina la mnunuzi ulikuwa umelaliwa na wauzaji, na kuku.

Kosa langu lina wenzake, tena wa mbali. Katika mji wa Bristol, Uingereza, wenye maduka waliulizwa ni wateja wangapi wanaokuja kwa gari. Wakakisia asilimia 41. Wateja wenyewe walipoulizwa, ikawa asilimia 22. Berlin, Ujerumani, utafiti uliotoka mwaka 2021 katika mitaa miwili ulipata pengo kubwa zaidi: wafanyabiashara walikisia asilimia 21.6, na hali halisi ilikuwa asilimia 6.6. Hawa si watu wajinga. Wanashinda dukani kutwa na wanazijua bei mpaka za shilingi hamsini. Wanakosea vipi kwa kiasi hicho?

Sababu ya kwanza ni kwamba mteja wa gari anaonekana. Anapiga honi, anafungua mlango, anasumbuliwa na pa kuweka gari, kisha anaingia dukani akilalamika. Mwenye kuja kwa miguu anaingia kimya, ananunua mkate, anatoka. Jioni ukimuuliza mwenye duka, atakumbuka lalamiko. Sababu ya pili ilijitokeza Berlin: muuzaji anayekuja kazini kwa gari ndiye anayekisia wateja wengi zaidi wa gari. Kila mtu huwadhani wengine wanasafiri kama yeye. Mjomba ana gari. Mimi pia, siku ile, nilikuja kwa gari ya kuazima, na niliiweka pale pale uwanjani.

Lakini kujua kwamba wateja wa gari ni wachache hakutoshi kueleza kwa nini mahali palipotolewa gari pengine huuza zaidi. Hapo inabidi tumtazame muuza kahawa.

Muuza kahawa wa barzani ana dele, kashata, ndoo ya maji na vikombe. Tuseme vikombe ni kumi na mbili. Mnywaji wa kawaida anapokea kikombe, anakunywa, anakirudisha baada ya dakika tano hivi, kinasuuzwa, kinakwenda kwa mwengine. Kikombe kimoja kwa saa moja kinaweza kupita midomo kumi na mbili. Sasa anakuja bwana mmoja, anachukua kikombe, anakipiga funda moja, anakishikilia tangu alasiri mpaka magharibi huku akitengeneza siasa za nchi. Kikombe hicho kimeuza kahawa moja. Wakija wa namna hiyo saba, muuza kahawa amebaki na vikombe vitano, na wanywaji wamesimama kichwani wakisema vikombe havitoshi. Ataambiwa anunue vikombe zaidi. Akinunua kumi, na mabwana kumi wengine wakavishika, kahawa bado imo kwenye dele inapoa.

Nafasi ya gari ni kikombe hicho. Gari ndogo iliyosimama inataka kama mita 2.5 kwa 5, na ukiongeza pa kuingilia, kugeuzia na kutokea, ardhi inayoliwa na gari moja hukaribia mita za mraba 25. Gari ya mwalimu iliyolala kutwa imeshika mita hizo kwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe hayupo. Profesa Donald Shoup wa Marekani, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyachunguza maegesho (kuna watu wana subira), alipendekeza nafasi zijae kama asilimia 85, si zaidi, ili daima pawepo moja au mbili tupu kwa anayefika. Kwa lugha ya barzani: kila wakati pawepo kikombe kisafi kando ya ndoo. Njia yake ilikuwa kutoza ada inayopanda na kushuka. Kwenye kijiji chenye gari tisa, kumwambia mjomba ahamishie gari yake nyuma ya nyumba ni rahisi kuliko kujenga mashine ya ada.

Utaniuliza: je, wale wazee wa bao si wale wale wanaoshikilia kikombe? Wamekaa kutwa, hawanunui kitu. Swali zuri, nami lilinisumbua. Tofauti iko kwenye ukubwa wa kikombe. Mzee aliyekaa barzani anachukua nafasi ya kitako chake. Kwenye ardhi ya gari mbili unaweza kukalisha kijiwe kizima, na kijiwe kizima kinakunywa chai, kinatuma mtoto sigara, kinanunua vocha. Gari iliyolala haitumi mtoto.

Na kuna jambo jengine ambalo kila aliyekulia mji wa barza analijua bila kulisomea. Barza tupu haikaliki. Ukikaa peke yako unaonekana una msiba au una deni. Wakikaa wawili, wa tatu anasimama kusalimia, wa nne anakuja kuuliza kuna nini. Msanifu wa Denmark, Jan Gehl, alitumia miaka mingi Copenhagen akihesabu waliokaa na waliosimama, akafika hapo hapo: watu huvutwa na watu. Mtaa wa Strøget ulifungiwa gari tarehe 17 Novemba 1962, na wapinzani walisema Wadenmaki si Wataliano, na baridi ile nani atakaa nje. Wakakaa. Wakati huo mji ulikuwa na mita za mraba 15,800 hivi zisizo na gari. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zilipita 90,000, na baadhi ya viwanja vilivyoongezwa vilikuwa maegesho. Ila jambo hilo lilichukua zaidi ya miaka 30, kipande kwa kipande, na katika miaka 30 mengi hubadilika mjini, kwa hiyo si haki kuipa sifa zote hatua ya kuondoa gari.

Basi gari zinakwenda wapi? Hapa pia nilikuwa na imani yangu: gari ni maji, ukiziba hapa yatatokea pale. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza Sally Cairns, Stephen Atkins na Phil Goodwin walikusanya mifano zaidi ya 70 kutoka nchi 11, ya barabara zilizopunguzwa nafasi ya gari. Kwa wastani, kama asilimia 22 ya gari zilizokuwa zikipita hazikuonekana tena, si hapo wala mitaa ya jirani. Wastani huo lakini umenyanyuliwa na mifano michache mikubwa. Katika nusu ya mifano upungufu ulikuwa chini ya asilimia 11, na kuna mahali haukuwepo kabisa. Pamoja na hayo, maji yangelitokea yote. Mtu hughairi: anakwenda saa nyengine, anaunganisha safari mbili kuwa moja, anakwenda kwa miguu, anampigia simu jirani aliyekwisha kuwapo dukani. Tafiti hizo nyingi ni za miji ya nchi zenye gari nyingi na barabara nyingi za kuchagua. Kijiji chenye barabara moja hakiwezi kuzichukua tarakimu hizo kama zilivyo.

Wala jambo la kubadilisha kazi ya mahali si geni Zanzibar, ingawa tumelisahau kwa sababu limefanikiwa. Ngome Kongwe, ambayo leo watu huingia kutazama ngoma na maonesho, mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa bohari la reli ya Bububu, na mwaka 1949 ikafanywa kiwanja cha tenisi cha wanawake. Hapo mbele yake, Forodhani, jina lenyewe linakwambia palikuwa na forodha na mizigo, kabla ya bustani ya miaka ya 1930. Bustani hiyo ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na ukifika baada ya magharibi utawakuta wauza mishkaki na maji ya miwa wamejipanga. Darajani ndiyo ya ajabu zaidi: palikuwa na mkono wa bahari na daraja, pakafukiwa, daraja likaondoka na jina likabaki.

Hata hivyo, kuna gari na gari, na hapa ndipo kijiji chetu kinapotofautiana na Copenhagen. Gari ya abiria si gari iliyolala. Inafika, inashusha watu kumi na tano na magunia mawili ya muhogo, inaondoka. Hiyo ndiyo kikombe kinachozunguka kuliko vyote, na atakayekisukuma kituo chake nusu maili kwa ajili ya kupendezesha uwanja atayaua maduka kweli. Kadhalika gari inayoleta unga alfajiri, inayompeleka mgonjwa, inayofika na jeneza, na mtu asiyeweza kutembea. Wote hao wanahitaji njia ya kuingia, na njia haihitaji uwanja mzima.

Na kivuli. Jioni ile sikuliona hili, na sasa siwezi kuacha kuliona: kivuli bora cha kijiji, cha ule mwembe, kilikuwa cha gari. Zimejibana chini yake kama mbuzi wakati wa mvua, na wazee wa bao wapo kando ya mtaro, juani, wakihamisha jamvi kila nusu saa kufuata kivuli cha ukuta. Mabarza ya saruji yakijengwa mahali pasipo mti, saa saba mchana yatafaa kuanikia karafuu tu.

Kilichonichekesha mwisho ni kwamba jaribio lilikuwa likifanyika mbele ya macho ya mjomba kila mwaka. Sikukuu zikifika, gari huondolewa uwanjani bila ya kikao wala barua. Wanakuja wauza mabofu, askrimu na vitu vya watoto, na mjomba mwenyewe husema siku nne zile ndizo anazouza kuliko zote. Nilipomkumbusha alinitazama kama niliyemwibia. "Hiyo sikukuu, mwanangu," akasema. "Mtoto ana pesa mkononi." Na ni kweli, sikukuu haithibitishi kitu kuhusu Jumanne ya kawaida.

Nilirudi pale msimu wa embe. Gari ya mjomba haikuwapo chini ya mwembe; ameihamishia nyuma ya nyumba. Nikamuuliza kwa heshima zote kama hatimaye ameshawishika na maneno yangu. Akasema hapana, ni embe, zimemvunjia kioo. Pale ilipokuwa gari palikuwa na jamvi, bao, na muuza kahawa anayesuuza vikombe.