Farringdon, London: stesheni kongwe na maneno ya kusikia

Ukishuka Farringdon leo unaona eskaleta ndefu, vioo na treni za Elizabeth (reli mpya inayokatiza chini ya London mashariki hadi magharibi), ndo maana watu wanajitungia tu historia yake. Twende nazo moja moja.

Eti treni za kwanza za chini ya ardhi zilikuwa za umeme. Wapi! Stesheni ilifunguliwa 10 Januari 1863 ikiwa mwisho wa reli ya Metropolitan kutoka Paddington, na injini zilikuwa za mvuke, zinachoma makaa humohumo handakini, ndani ya mabehewa taa za gesi. Mvuke waliuelekeza kwenye matangi ya maji ili upoe lakini moshi haukuwa na pa kwenda, na bado siku hiyo ya kwanza walipanda watu kama 38,000, yaani watu walikuwa tayari kukohoa ilimradi wakwepe foleni ya farasi huko juu. Umeme ulikuja 1905.

Eti walitoboa kwa chini kama fuko. Hapana, sehemu kubwa walichimbua barabara ikawa wazi, wakajenga kuta na dari ya matofali, wakafukia. Bonde la mto Fleet, ambako reli ilipita, walikuwa wamejazana watu maskini na nyumba zao zilibomolewa kibao, halafu Juni 1862 mtaro wa majitaka wa Fleet ukapasuka ukafurika kwenye kazi yote. Charles Pearson, yule mwanasheria wa City (kitovu cha kale cha London) aliyeipigania reli hii miaka na miaka, akafariki Septemba hiyohiyo 1862, hata treni hakuiona, inauma kwakweli.

Eti jengo hili ndo lile la 1863. La kwanza lilikuwa la muda tu, stesheni ikahamia hapa ilipo Desemba 1865 reli iliposogezwa hadi Moorgate. Hili la sasa ni la miaka ya 1920, angalia juu ya mlango utasoma FARRINGDON & HIGH HOLBORN, jina ambalo siku hizi hakuna anayelitumia.

Eti handaki la Thameslink, treni zinazokatiza London kaskazini hadi kusini, lilichimbwa miaka ya 80. Hii ndo inanikera zaidi! Handaki lenyewe linaitwa Snow Hill na ni la 1866 jamani, abiria walikatishwa 1916, mizigo ikaendelea kupita miaka mingi baadaye, na nyama ya soko la jirani la Smithfield nayo ilikuja kwa treni hadi chini ya soko lenyewe ikapandishwa juu. Kilichofanyika 1988 ni kulifungua upya. Na hapahapa Farringdon ndo treni zinabadilisha umeme, kaskazini zinatumia waya wa juu, kusini reli ya tatu, yaani reli ya ziada ya pembeni yenye umeme.

Eti mafundi wa Elizabeth walikuta shimo la maiti zilizotupwa ovyo. Hapana, mwaka 2013 pale jirani Charterhouse Square walikuta mifupa ya watu 25, wamelazwa kwa mistari kabisa, na kwenye meno vipimo vikaonyesha vimelea vya tauni. Watu walizikwa kwa heshima zao.

Ya mwisho, eti Elizabeth haifiki Barbican, stesheni ya jirani. Kwenye ramani huioni kweli, ila treni zina urefu wa mita 200 na ushee, platifomu nazo ndefu, mlango mmoja unatokea Farringdon na mwingine Long Lane jirani kabisa na Barbican. Kwahiyo ukitokea Paddington na unakwenda Barbican, kaa mabehewa ya mbele.