Skoliosisi haiji kwa begi la shule

Mtoto akionekana bega moja limeshuka, hakosekani mtu mzima wa kutoa hukumu papo hapo: begi zito hilo, au anakaa vibaya darasani. Siku hizi hukumu hiyo inapewa hata jina la kitaalamu, skoliosisi, na jina hilo linabandikwa kwenye mgongo wowote usiopendeza macho.

Skoliosisi ni uti wa mgongo kupinda kuelekea ubavuni kwa nyuzi 10 au zaidi, zikipimwa kwenye picha ya eksirei, huku pingili zenyewe, yaani mifupa midogo inayounda uti huo, zikijizungusha. Hapo kwenye kujizungusha ndipo wengi wanapokosea.

Mgongo unaweza kupinda bila pingili kuzunguka. Mguu mmoja ukiwa mfupi, nyonga inainama na mgongo unaifuata. Weka kibao chini ya mguu huo, mgongo unanyooka. Msuli uliokaza kwa maumivu nao huuvuta mgongo upande, kisha ukilegea mambo yanarudi. Na mtoto anayejilegeza kitini, ukimwambia akae wima, anakaa. Skoliosisi haisikii amri. Mwambie ainame mbele, magoti yamenyooka, mikono ikining'inia, umtazame kwa nyuma. Pingili zilizozunguka zimezivuta mbavu pamoja nazo, kwa hiyo upande mmoja wa mgongo unainuka kuliko wa pili. Begi halifanyi hivyo. Linaumiza mabega, kweli, na lipunguzwe, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Sababu yake basi? Kwa takriban wagonjwa 8 kati ya 10, haijulikani. Hujitokeza zaidi mtoto anaporefuka kwa kasi, kuanzia miaka 10 hivi, huonekana katika baadhi ya familia kuliko nyingine, na mipindo mikubwa huwapata zaidi wasichana. (Usain Bolt, bingwa wa mbio fupi, anayo, kwa wanaodhani ni ulemavu tu.)

Waliobaki wana chanzo kinachoonekana. Kuna wanaozaliwa na pingili iliyoumbika nusu. Hao huchunguzwa pia moyo na figo, maana viungo hivyo huumbika karibu wakati mmoja na uti wa mgongo. Kuna mtindio wa ubongo, mgongo wazi, polio, magonjwa yanayodhoofisha misuli, na ugonjwa wa Marfan, ule wa kurithi unaolegeza tishu zinazoushikilia mwili. Wazee huipata diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zikichakaa.

Kibyongo nacho kinachanganywa humu. Kibyongo hutokeza nyuma, hakiendi ubavuni. Mfalme Richard III wa Uingereza aliitwa kibyongo kwa karne nyingi, mwandishi wa tamthilia Shakespeare akakoleza. Mifupa yake ilipofukuliwa mjini Leicester mwaka 2012, ikaonekana alikuwa na skoliosisi. Kwetu kosa hilo lina gharama kubwa zaidi: nundu yenye ncha inayochomoza mgongoni mwa mtoto anayekonda na kupata homa inaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, na hicho kinatibiwa kwa dawa za miezi mingi, wala hakingoji.

Kwa hiyo binti wa miaka 12 akishuka bega, asikaripiwe. Ainamishwe, mbavu zitazamwe, na zikipishana apelekwe hospitali angali anarefuka: lile vazi gumu la kushikilia kiwiliwili huzuia mpindo usiongezeke wakati mifupa bado inakua. Begi abebe tu, likiwa limepunguzwa uzito.