"Si hiyo ni raga tu?" Mambo watu wanakosea kuhusu viungo wa AFL

Kila nikitaja AFL, ligi ya futiboli ya Australia, lazima mtu aniulize "si hiyo ni raga ya Australia?" na mimi sichoki kujibu, maana huu mchezo naupenda kweli. Binamu yangu alihamia Melbourne akaanza kunitumia klipu, sasa mimi ndio namuamsha yeye. Fainali yao kwa kawaida inachezwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, mchana wa kule, ambayo hapa kwetu ni saa moja na nusu asubuhi, yaani unaangalia fainali na chai na chapati mbele yako.

Sio raga. Uwanja ni wa duara la yai, mara nyingi ni uwanja wa kriketi, na MCG pale Melbourne una urefu wa kama mita 160. Kila timu ina watu 18 ndani, hakuna ofsaidi, na mpira huwezi kumrushia mwenzako kwa mkono, ama uupige teke ama uushike kwa mkono mmoja uupige kwa ngumi ya mkono wa pili. Ukikimbia nao lazima uudundishe au uuguse chini kila mita 15. Milingoti ni minne kila upande, ukipiga teke likapita kati ya ile miwili mirefu ni pointi 6, ukikosea ukapita pembeni yake unapata 1. Sheria za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla FA ya Uingereza haijaanzishwa, kwa hiyo hata ukisema ni mtoto wa soka pia umekosea.

Lakini leo nataka tuongee kuhusu viungo, maana hapo ndipo watu wa soka tunapotea zaidi, na nitamtumia Scott Pendlebury, kiungo wa klabu ya Collingwood, namba 10, anatumia mguu wa kushoto, kwa sababu karibu kila kitu watu wanachoamini kuhusu kazi ya kiungo wa AFL yeye amekivunja.

Kwanza hii ya kusema lazima uwe umezaliwa na huo mpira mkononi. Pendlebury alizaliwa Januari 1988 akakulia Sale, mji mdogo kule Victoria, na ujanani alikuwa mtu wa basketi, tena sio basketi ya mtaani, alipata nafasi kwenye taasisi ya michezo ya taifa ya Australia. Akaiacha ili acheze futiboli hii ya AFL. Nafasi aliyoiacha ikachukuliwa na Patty Mills, huyo huyo Mills aliyekuja kubeba ubingwa wa NBA na San Antonio Spurs mwaka 2014. Uamuzi mmoja wa kijana umetoa mastaa wawili, hii stori kila nikiisimulia inanisisimua. Na kama unadhani yeye ni bahati tu, Aliir Aliir alizaliwa hapa hapa Kenya kwenye kambi ya Kakuma mwaka 1994, familia yake ni ya Sudan Kusini, mchezo akaukuta Australia, na mwaka 2021 akiwa Port Adelaide akaingia kikosi bora cha ligi nzima. Yeye ni beki sio kiungo, lakini nisingeweza kuandika haya nikamruka.

Sasa, "kiungo anakaa katikati". Hapana. Tangu 2019 kuna sheria kwamba mpira ukianzishwa katikati kila timu lazima iwe na watu 6 mbele, 6 nyuma na 6 katikati, na kati ya hao ni wanne tu wanaoingia kwenye ule mraba wa kati. Mmoja wao ni jamaa mrefu kazi yake ni kuruka kuugombea ukiwa hewani, wengine watatu ndio wanausubiri chini. Lakini hiyo ni sekunde ya kwanza tu. Mpira ukishatoka hakuna mstari unaomfunga mtu, kiungo anarudi kusaidia mabeki, dakika hiyo hiyo yuko mbele anatafuta goli, halafu mpira ukikwama mahali watu wamelaliana yeye ndiye anaenda kuuchimbua. Mechi ni robo nne za dakika 20, ila saa inasimamishwa mpira ukiwa hauchezwi kwa hiyo robo moja inafika karibu nusu saa, na kiungo anaweza kumaliza amekimbia kilomita 12, 13 na zaidi. Ndio maana ukimwona ametoka usiseme kocha kamkasirikia! Anapumzika dakika chache anarudi, anatoka tena anarudi tena, timu inaruhusiwa mabadiliko hadi 75 kwa mechi moja.

Halafu kuna hii ya mbio na misuli. Watu wanaona klipu za jamaa wanagongana wanadhani kiungo bora ni yule mwenye kasi kuliko wote au mnene kuliko wote. Pendlebury hajawahi kusifiwa kwa mbio, hata kidogo. Kinachomtofautisha ni kwamba anaonekana ana muda ambao wengine hawana. Mpira unamfikia, watu watatu wanamjia, wewe unayeangalia unajua ameisha, yeye anatulia, anageuza bega kidogo, anawaacha wapite, ndio anautoa kwa mtu ambaye wewe hata hukumwona. Wengi wanasema hiyo ni basketi bado iko mwilini, na mimi naamini, kwa sababu kwenye basketi unafundishwa kuangalia pembeni wakati mpira unao, na nafasi yako ni ndogo muda wote. Angalia vile anautoa kwa ngumi, kulia na kushoto bila kujipanga upya. Yeye ndiye mchezaji wa kwanza kwenye historia ya ligi kufikisha mara 10,000 za kuutoa mpira kwa teke au kwa ngumi, na kumbuka kila moja ya hizo kuna mtu alikuwa anakuja kumwangusha.

Kwenye usajili pia tunabeba akili ya soka. Mtu anauliza "Collingwood walimnunua bei gani?" Hakuna bei. Vijana wanaingia kupitia drafti, timu iliyomaliza mkiani inaanza kuchagua, na kijana haendi anakotaka bali anakochaguliwa, unaweza kuwa mtoto wa Perth ukajikuta unahama nyumbani na miaka 18 kwenda ng'ambo ya pili ya nchi. Pendlebury alichaguliwa wa 5 mwaka 2005 akiwa na miaka 17. Kuhama baadaye ni kwa kubadilishana, mchezaji kwa mchezaji au kwa nafasi za drafti, hakuna klabu inayoweka pesa mezani kununua mtu, na mchezaji mwenyewe lazima akubali. Kwa kawaida ni baada ya miaka 8 kwenye klabu moja ndio unaanza kupata haki ya kuhama huru. Juu ya hayo mishahara ya timu ina kiwango cha juu ambacho hairuhusiwi kuvuka. Na hakuna ligi nyingine ya maana duniani inayocheza huu mchezo, sio kama soka ambapo Saudia inaweza kukupigia simu. Mastaa wanalipwa vizuri sana ndio, ila kulinganisha na EPL ni kuwaonea.

Brownlow, medali ya mchezaji bora wa msimu, nitaipitia haraka. Watu wanasema kiungo asiye na medali ya Brownlow hajafika. Ni kweli wanaoishinda wengi ni viungo, lakini kura zinapigwa na marefa, 3, 2 na 1 kila mechi, fainali hazihesabiwi, na ukifungiwa mechi kwa utovu huruhusiwi kushinda hata kama una kura nyingi kuliko wote. Pendlebury hajaipata. Leigh Matthews, gwiji wa zamani wa mchezo huu, naye hakuwahi kuipata, na leo tuzo ya mchezaji bora inayopigiwa kura na wachezaji wenyewe ina jina lake. Pendlebury amekuwa mchezaji bora wa Collingwood mara tano, mimi hizo zinanitosha.

Kitu kinachoniuma zaidi ni ile "wanaume wa kweli, hawavai helmeti na hawaumii". Wanaumia jamani. Mtikisiko wa ubongo umemaliza kazi za watu wakiwa bado vijana. Angus Brayshaw wa klabu ya Melbourne, chaguo la 3 kwenye drafti ya 2014 na bingwa wa 2021, alistaafu Februari 2024 akiwa na miaka 28 kwa ushauri wa madaktari baada ya kugongwa kichwa. Tangu 2021 mchezaji aliyepata mtikisiko lazima akae nje siku 12 angalau, na bado kuna mashabiki wanaona hiyo ni kudeka. Kichwa sio goti, huwezi kukifunga bandeji ukarudi robo ya nne.

Mwisho ni umri, eti kiungo akifika 30 ameisha kwa sababu ya hizo kilomita. Kwa wengi ni kweli miguu inaanza kukataa. Lakini angalia huyu. Mwaka 2010 akiwa na miaka 22 Collingwood na St Kilda walitoka sare 68 kwa 68 kwenye fainali, na wakati huo hakukuwa na dakika za nyongeza, mechi nzima ikarudiwa wiki iliyofuata! Collingwood wakashinda 108 kwa 52 na Pendlebury akachukua medali ya mchezaji bora wa fainali. Halafu akasubiri. Akawa kapteni kuanzia 2014, akapoteza fainali ya 2018 kwa pointi 5 tu, akaacha ukapteni baada ya msimu wa 2022 na watu wakaanza kumuaga. Mwaka uliofuata akiwa na miaka 35 akarudi fainali, watu 100,024 ndani ya MCG, Collingwood 90, Brisbane 86, taji la pili miaka 13 baada ya la kwanza. Agosti 2024 akawa mtu wa sita tu kwenye historia kufikisha mechi 400, na msimu wa 2025 akiwa na miaka 37 bado alikuwa ndani, bado sio mwenye mbio, na bado wenzake wakibanwa wanamtafuta yeye.