"Kwao kuna mtu wa Mirembe": dhana na ukweli kuhusu baipola na vinasaba

Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, na maneno hayo matano yanaweza kuvunja posa. Niliyasikia Chamwino kwenye kikao cha familia, shangazi akiyasema kwa sauti ya chini huku anamenya karanga. Habari ya mahari ikaishia pale pale.

Dhana: Baipola ikiingia kwenye ukoo, watoto wote wataupata.
Baipola ni ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka: kuna kipindi mtu anachangamka kupita kiasi na halali, na kuna kipindi anazama kwenye huzuni nzito. Hurithiwa kweli, na tafiti za mapacha zinaonyesha vinasaba vina mchango mkubwa. Lakini mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa kama 5 hadi 10 kati ya 100. Kwa watu wengine ni kama 1 au 2. Wengi hawaugui. Hata pacha wa kufanana wa mgonjwa anaweza kuzeeka bila kuugua. Shangazi alikuwa anakataa watu 90 kwa sababu ya 10.

Dhana: Kuna jeni ya baipola, ukipimwa inaonekana.
Haipo. Utafiti uliochapishwa 2025, wenye wagonjwa zaidi ya 158,000, ulikuta maeneo 298 ya vinasaba yanayohusika, kila moja likiongeza hatari kiduchu. Alama ya hatari, yaani namba ya kukadiria uwezekano wa mtu kuugua, ni hesabu ya kujumlisha viduchu hivyo. Nenda soko la Majengo uweke punje moja ya karanga kwenye mizani: mshale hautikisiki. Na hata debe likijaa, alama haisemi nani ataugua. Wapo wagonjwa wenye alama ya kawaida kabisa. Kwa sasa inawafaa watafiti wanaolinganisha makundi ya watu, si mchumba mmoja.

Dhana: Alama ya Mzungu na ya Mgogo ni ileile.
Data nyingi zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo kwetu alama hizo hukosea zaidi. NeuroGAP, mradi wa utafiti wa vinasaba vya magonjwa ya akili Afrika, ulikusanya sampuli Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Sisi hatumo.

Dhana: Mkemia Mkuu atatupimia.
Yule mnamwendea kujua baba wa mtoto ni nani. Hili ni jambo jingine.

Binamu yangu alinunua majembe 30 mwezi Julai, ardhi imekauka kama tofali, anaimba usiku kucha. Nyumbani walisema karogwa. Daktari hakumpima mate wala damu ya ukoo. Alimgeukia mkewe: "Mama, mara ya mwisho alilala lini?"