AH to go si Albert Heijn iliyosinyaa

Juzi tena, kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili tunaoishi Uholanzi, kaka mmoja katuma picha ya risiti: sandiwichi na maji, AH to go ya stesheni, yaani kile kiduka kidogo cha Albert Heijn, supamaketi maarufu ya huku. "Wezi hawa! Duka lile lile, mtaani kwangu bei nafuu." Wenzake wakampigia makofi. Mimi kazi yangu ni kupanga rafu za maduka ya vyakula. Hoja hii nimeijibu mpaka sauti imekauka, leo naiandika.

Kilicho kile kile ni jina.

Historia nipite mbio: mwaka 1887 Albert Heijn alichukua duka la baba yake kule Oostzaan, 1952 wateja wa Schiedam wakaanza kujihudumia wenyewe, 1955 ikafunguliwa supamaketi Rotterdam. Leo mwenye mali ni kampuni ya Ahold Delhaize, na baadhi ya maduka yanaendeshwa na wafanyabiashara binafsi chini ya jina hilo. Basi.

Sasa sikilizeni. Duka halipangwi kwa ukubwa wa chumba peke yake, linapangwa kwa safari ya mteja. Wa duka la mtaani anatafuta chakula cha jioni, labda na cha kesho. Wa AH XL, lile duka kubwa kabisa, kaja na gari, buti liko tupu. Wa to go treni yake inaondoka baada ya dakika nne. Kwa huyu wa tatu swali langu la kwanza ni moja: kitu hiki kinalika kwa mkono mmoja? Mchele hauingii. Sehemu kubwa ya rafu inakuwa friji, na friji inakula umeme. Sandiwichi haingoji wiki. Isiponunuliwa ni hasara, na hasara hiyo inalipwa na sandiwichi zilizonunuliwa. Ongeza pango la stesheni. Na zile ofa za Bonus, yaani punguzo la bei la duka la kawaida, usizitegemee pale. To go ina ofa zake.

Hata hivyo sijifanyi mtakatifu. Sehemu ya bei ile hailipii friji wala pango. Inalipia haraka yako, na anayeipanga anajua kwamba hutatoka nje kutafuta pengine.

Na XL nayo ina siri yake. Tunasema mteja anapenda kuchagua, tunarefusha rafu ya siagi ya karanga hadi macho yachoke. Mara ngapi nimeongeza aina mpya, nikaona mauzo yamehama tu kutoka kopo hili kwenda lile, jumla ikabaki pale pale? Nyingi. Bado naongeza, maana rafu fupi kwenye duka kubwa huonekana kama imeishiwa.

Yule kaka wa risiti kanijibu: "Sawa, sandiwichi nimekuelewa. Na maji je?"

Maji, ndugu yangu, stesheni nyingi zina bomba la kujazia chupa. Beba chupa.